Utafiti wa joto la nyumba: pesa ni za nani, na zinanunua nini?

Ukikaa barazani Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, baada ya sala ya alasiri, kahawa ikizunguka na redio ikizungumza pembeni, hutakosa siku moja kuipata ile habari ambayo kila mtu huisikia na wachache huielewa: serikali na washirika wa maendeleo watafadhili utafiti wa ufanisi wa nishati katika majengo. Nilikuwapo siku moja ilipopita, na kabla ya kikombe cha pili sentensi ile ilikuwa imezaa tafsiri tatu. Mmoja alisema nyumba zetu zitaezekwa na kupakwa rangi bure. Wa pili akamkata: huo ni mkopo, tutaulipa sisi na wajukuu zetu. Mzee aliyekuwa kimya muda wote akaweka kikombe chini, akasema, "Mwanangu, nyumba ya babu yangu ilikuwa na ubaridi kabla stima haijavuka maji kuja hapa. Watafiti wanatafuta nini?"

Wote watatu walikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Sentensi ya redio imebeba mambo manne yaliyofungwa pamoja kama mzigo wa punda: nishati, jengo, utafiti, na ushirikiano wa pesa. Tuyashushe moja moja.

Ufanisi si kukaa gizani

Neno linaloeleweka vibaya zaidi ni ufanisi wa nishati. Wengi hulisikia wakadhani ni kubana matumizi: zima taa, vumilia joto, lala na jasho lako. Sivyo. Ufanisi ni kupata kazi ileile kwa nishati kidogo. Wapishi wawili wanapika wali kwenye seredani. Mmoja anaacha sufuria wazi, mwingine anafunika na kupalia makaa juu. Wali umeiva sawasawa. Tofauti iko kwenye mkebe wa makaa.

Kwa stima hesabu ni hiyohiyo. Uniti moja unayonunua kwa tokeni ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Feni ya dari hula kama wati 70, kwa hiyo uniti moja huizungusha saa 14, yaani usiku mzima na bado. Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja, mashine yake inapofanya kazi, hula kama wati 1,000: uniti nzima kwa saa. Hupumzika chumba kikishapoa, lakini chumba chenye paa la moto hakikipi nafasi ya kupumzika. Chukua bei ya uniti uliyolipa mara ya mwisho uzidishe mwenyewe, utaelewa kwa nini nyumba ambayo feni inatosha na nyumba ambayo feni haitoshi si nyumba za gharama moja, hata kama kodi yake ni sawa.

Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria mwaka 2018 kwamba viyoyozi na feni hula karibu asilimia 10 ya umeme wote wa dunia. Majengo kwa jumla, ukiweka pamoja kupika, kupoza, kupasha joto, taa na vyombo, huchukua karibu asilimia 30 ya nishati yote inayomfikia mtumiaji. Kwa hiyo anayetaka kupunguza mahitaji ya nishati hana budi kupitia majumbani mwa watu.

Sisi wa Lamu tunaujua vizuri upande wa pili wa hesabu hii. Kwa miaka tulibishana juu ya kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kilichopangwa kujengwa Kwasasi, mpaka Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilipofuta leseni yake Juni 2019. Ubishi wote ule ulihusu kuzalisha. Ni umeme kiasi gani tunaupoteza kwa sababu ya namna tunavyoezeka? Swali hilo halikupata hata robo ya muda ule.

Nyumba mbili, kisiwa kimoja

Sasa jengo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la yule mzee.

Ingia nyumba ya mawe ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wetu, saa nane mchana mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imelegea na kusi haijaamka. Ukuta wa matumbawe na chokaa una unene wa kama dhiraa moja, yaani nusu mita hivi, mahali pengine zaidi. Chumba ni chembamba na kirefu, kwa sababu upana wake uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Katikati kuna kiwanda, kwa maana yetu ya ua ulio wazi juu, ambamo hewa ya moto hupanda na kutoka. Nje, njia ni nyembamba kiasi kwamba nyumba hutiana vivuli, na daka la mlango hukupokea kabla jua halijakufuata ndani. Unashusha pumzi.

Kisha panda juu, nyuma ya mji, uingie nyumba mpya ya matofali ya simiti iliyoezekwa mabati. Lamu iko kama digrii mbili tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana liko utosini karibu mwaka mzima na paa ndilo linalobeba sehemu kubwa ya joto. Mabati hupata moto upesi na kuutupa chini kwa aliyelala. Ndiyo maana unaweza kukaa kwenye kivuli cha nyumba hiyo, feni ikizunguka, na bado kichwa kikahisi kama kiko karibu na tanuri: feni inasukuma hewa, lakini paa linakuchoma moja kwa moja, kama jua dogo la pili.

Basi mzee ana haki? Nusu. Nyumba ya babu yake ina ubaridi, na aliyeijenga hakuhitaji mtafiti. Lakini hebu tumuulize swali moja: ni kitu gani hasa ndani ya nyumba ile kinachoipoza? Unene wa ukuta? Kiwanda? Kivuli cha jirani? Weupe wa chokaa? Urefu wa dari? Au ni desturi ya watu wenyewe, kushinda chini mchana na kupanda juu jioni upepo unapoingia?

Swali hili si la kujifurahisha. Elimu ya ujenzi inasema ukuta mzito hufaa hasa kule ambako mchana ni moto na usiku ni baridi, kama jangwani: ukuta hunywa joto mchana na kulitema usiku. Pwani yenye unyevu, ambako usiku haupoi sana, vitabu hushauri kinyume chake, yaani nyumba nyepesi, wazi, inayopitisha upepo. Tazama sasa wazee wetu walivyofanya. Walijenga ukuta mzito wa mawe, kisha juu yake mara nyingi wakaweka kipaa chepesi cha makuti kilicho wazi pande zote. Majibu yote mawili katika nyumba moja! Kila ninapolitafakari hili nahisi heshima kubwa kwa mafundi wale. Lakini heshima haimwambii fundi wa leo, mwenye matofali ya simiti na bajeti ya mabati, achukue lipi na aache lipi.

Kwa sababu nyumba ya babu haiwezi kujengwa tena kwa wingi. Matumbawe hayachimbwi ovyo. Boriti ni mikoko, na zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu. Serikali iliposimamisha ukataji miti mwaka 2018, wakataji boriti wetu walikaa bila kazi, na kila mtu akaona jinsi mlango huo ulivyo mwembamba. Makuti nayo hushika moto kwa cheche moja, na katika mji uliosongamana hiyo si hatari ndogo. Tunaloweza kurithi ni maarifa yaliyo ndani ya nyumba ile, na ili uyarithi ukiwa na vifaa vingine lazima ujue kila kipande kinafanya kazi kiasi gani.

Pesa zinanunua nini

Hapo ndipo utafiti unapoingia. Ukiondoa maneno makubwa, utafiti wa nishati katika majengo ni kupima. Chukua vyumba viwili vinavyofanana: tofali lilelile, bati lilelile, mlango umeelekea upande mmoja. Kimoja paka paa chokaa au rangi nyeupe, kingine kiache kama kilivyo. Tundika ndani vipimajoto vinavyojiandikia vyenyewe kila baada ya dakika chache, na vya unyevu, na cha upepo nje. Subiri mwaka mzima, kwa maana kipimo cha kaskazi pekee hakikwambii kitu kuhusu kusi. Baadaye mtu mwenye ujuzi akae na zile namba, atenganishe athari ya rangi na athari ya mwembe ulio nyuma ya nyumba.

Paa jeupe safi hurudisha angani theluthi mbili au zaidi ya jua linalolipiga. Hilo linajulikana duniani. Lisilopatikana kitabuni ni chokaa yetu kwenye bati letu, na chumvi hii ya bahari na vumbi la kaskazi, itabaki nyeupe miezi mingapi kabla haijahitaji kupakwa tena, na je, mwenye nyumba atarudisha gharama yake kwa stima aliyookoa? Swali la namna hii hujibiwa mahali penyewe tu.

Kwa hiyo pesa za utafiti hununua vifaa, muda wa watu, na safari za kurudi mara nyingi mahali pamoja. Pia hununua majibu mabaya: kujua kwamba njia fulani haikufaa ni matokeo, ingawa hakuna wa kuipiga picha. Hii ndiyo sababu mradi ukiisha watu huuliza, "Jengo liko wapi?" Jengo halipo. Kinachotakiwa kuwepo ni namba zinazoaminika.

Na yule wa kwanza barazani, aliyesema nyumba zitapakwa bure? Huenda chache zikapakwa, kwa sababu jaribio linahitaji mapaa. Lakini nyingine zitaachwa makusudi ili ziwe za kulinganishia. Jirani aliyeachwa hajadhulumiwa; bila yeye hakuna mizani. Mtafiti mwenye adabu humweleza hivyo mapema, mbele ya mashahidi, na kazi ikiisha na rangi ikathibitika, hurudi kumpakia na yeye. Nimeona watu wakikasirikiana mtaani kwa jambo ambalo dakika kumi za maelezo zingelimaliza.

Chokaa haina mwenyewe

Kwa nini pesa za serikali? Kwa nini kampuni zisilipe?

Fikiria kisima cha msikiti. Kila mtu anayahitaji maji, lakini hakuna mmoja ambaye angechimba kisima kirefu peke yake kisha awaachie mtaa mzima wateke bure. Ndiyo maana kulikuwa na wakfu: mali inatolewa, faida ni ya wote. Maarifa ya kupoza nyumba yana tabia ya kisima. Ukigundua kwamba kuinua dari kwa kiasi fulani na kuacha tundu fulani juu ya mlango kunapunguza joto, jirani atatazama na kuiga, na hutaweza kumtoza. Hivyo kila mmoja humngoja mwenzake agundue.

Kampuni ya rangi italipia kipimo cha rangi yake. Kampuni ya viyoyozi itapima viyoyozi vyake. Ni halali yao. Lakini nani atalipia kipimo cha chokaa? Nani ana hisa kwenye kivuli, kwenye kiwanda, kwenye njia nyembamba? Vitu ambavyo Lamu imevitegemea karne nyingi havina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe hakina wa kukilipia maabara. Mkoba wa umma ukifungwa, utafiti utaendelea, ila utapima tu vile vinavyouzwa.

Serikali nyingine ziliona hili zamani. Uingereza ilianzisha kituo chake cha utafiti wa majengo mwaka 1921, baada ya vita, nyumba zilipohitajika kwa wingi na haraka. Marekani iliunda wizara yake ya nishati mwaka 1977, miaka minne baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla, na tangu hapo maabara zake za umma zimeshughulikia madirisha, taa na friji. Friji ndiyo ninayopenda kuitaja, kwa kuwa hata sisi tunayo jikoni. Katikati ya miaka ya 1970 friji ya kawaida ya Marekani ilikula karibu uniti 1,800 kwa mwaka. Baada ya utafiti wa kompresa na vizuia joto, na kanuni zilizokuwa zikikazwa hatua kwa hatua, iliyouzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikula kama 500, nayo ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2001 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilipiga hesabu ya miaka zaidi ya 20: wizara ilitumia karibu dola bilioni 7 kwenye utafiti wa ufanisi wa nishati, na faida iliyopatikana ikawa kama dola bilioni 30. Sehemu kubwa ya faida hiyo ilitoka kwenye miradi mitatu midogo tu, yote ya majengo: friji, kifaa cha kuendeshea taa za mirija, na kioo chenye utando mwembamba unaozuia joto kupita.

Sitasema kila shilingi ya utafiti huzaa hivyo. Miradi mingi mingine haikuzaa kiasi hicho. Ila hesabu ile inaonyesha kwa nini huwezi kuchagua mapema ule mmoja utakaozaa. Unapanda michikichi mingi.

Mafungu ya jahazi

Tumefika kwenye ushirikiano, na hapa mfano wa jahazi unatosha. Mmoja ana chombo. Mwingine ana shehena. Nahodha ana ujuzi wa bahari, mabaharia wana mikono. Safari ikirudi, gharama hutolewa kwanza, kisha kilichobaki hugawanywa mafungu, na kila mtu aliyajua mafungu hayo kabla tanga halijapandishwa. Ushirikiano wa utafiti ni hivyo: serikali huleta pesa au idhini, chuo kikuu huleta wataalamu na wanafunzi, kampuni huleta vifaa, na wenyeji huleta nyumba zao na uvumilivu wao. Nchi mbili zinaweza kuingia pamoja. Mwaka 2009 Marekani na China zilitangaza kituo cha pamoja cha utafiti wa nishati safi, dola milioni 150 kwa miaka mitano, nusu kwa nusu, na majengo yakiwa mojawapo ya mada zake tatu. Mwaka 2012 Marekani na India zikaanzisha chao cha majengo, kikiongozwa na maabara ya Berkeley upande mmoja na Chuo Kikuu cha CEPT cha Ahmedabad upande wa pili, na makampuni yakitakiwa kuchangia. Ahmedabad iko Gujarati, mkoa ambao majahazi yake yalikuwa yakitia nanga hapa. Joto lao wanalijua, na ningependa zaidi kujifunza kutoka kwao kuliko kutoka kwa nchi inayotafuta namna ya kuzuia baridi.

Sasa, yule wa pili aliyesema ni mkopo. Anaweza kuwa sahihi na anaweza kukosea, kwa sababu neno "kufadhili" limefunika mambo tofauti. Kuna ruzuku, ambayo hairudishwi. Kuna mkopo, hata wa masharti nafuu, ambao huingia kwenye deni la taifa na hulipwa. Kuna mchango wa kulingana, ambapo mfadhili hutoa shilingi pale tu na wewe unapotoa yako. Kuna mchango usio wa pesa: ofisi, gari, muda wa wafanyakazi, ukapigiwa hesabu kama pesa. Tangazo moja la mamilioni linaweza kuwa na vyote vinne ndani yake. Ukisikia jumla kubwa, uliza imegawanyika vipi kabla hujafurahi au kununa.

Kwetu Kenya mambo hayaanzi sifuri. Tangu 2006 Wizara ya Nishati na Chama cha Wenye Viwanda wana kituo cha pamoja cha ufanisi na uhifadhi wa nishati, ambacho hukagua majengo na viwanda na kuonyesha stima inavuja wapi. Kanuni za 2012 ziliwataka watumiaji wakubwa wa umeme kufanya ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 3. Tangu 2016 kuna kanuni za lebo ya nyota kwenye friji na viyoyozi: nyota nyingi, uniti chache. Shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi, liliendesha mradi wa ufanisi wa nishati katika majengo kwa nchi tano pamoja, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, kwa ufadhili wa mfuko wa mazingira wa dunia. Mkakati wa taifa wa 2020 ukazitaja kaya na majengo kama sekta za kushughulikiwa. Na kanuni za ujenzi tulizokuwa tukizitumia, za mwaka 1968, zilipisha Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025.

Pengo liko kwenye mkoba. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilianzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuandika kwamba utapata asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiasi kinachofika hakijawahi kukaribia hapo. Ndiyo maana tunategemea wageni, na mgeni ana haki ya kuondoka: Julai 2025 shirika la misaada la Marekani lilifungwa, na miradi iliyolitegemea ikabaki ikitafuta mfadhili mwingine. Mimi naamini nchi inayosubiri mwingine apime nyumba zake itapewa majibu ya maswali ya yule mwingine.

Hofu nyingine mbili

Kuna wanaosema watafiti wakija watachukua maarifa ya wazee wetu, wakayauzie dunia. Hofu hii naichukulia kwa uzito, kwa sababu si ya kubuni. Jambo la kufanya ni kuliweka kwenye mkataba, sio kufunga mlango. Mkataba mzuri husema namba zilizopimwa ni za nani, zitahifadhiwa wapi, na nani anaruhusiwa kuzitumia. Namba za nyumba za Lamu zikiishia kwenye kompyuta ya ng'ambo, mafungu ya jahazi hayakugawanywa. Zikiwekwa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, au Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na nakala kwenye Makavazi yetu hapa ngomeni, mtoto wa Lamu anaweza kuzisoma bila viza. Katika mji ulioorodheshwa kuwa urithi wa dunia tangu 2001, kumbukumbu hizo zina faida ya ziada: fundi anayekarabati nyumba kongwe atajua kuziba tundu gani ni kuua upepo.

Wengine husema ufanisi hauokoi kitu, maana stima ikiwa nafuu watu huitumia zaidi. Ni kweli kwa kiasi. Mama aliyekuwa akizima feni saa sita za usiku ili tokeni ifike mwisho wa wiki, ukimpa paa lenye ubaridi, huenda akaiacha ikizunguka mpaka alfajiri. Uniti zake hazitapungua kama hesabu ilivyotarajia. Lakini watoto wake wamelala. Mtafiti makini huziandika zote mbili, uniti na usingizi, na mimi sioni aibu kuita hilo faida.

Nilimweleza mzee haya kwa vipande, siku mbili tatu, kahawa baada ya kahawa. Alitaka kujua mambo haya huanzia wapi ikiwa mtu hataki kungoja redio. Nikamwambia kaunti kila mwaka hutayarisha mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata, na sheria inautaka ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Vipimajoto vya kujiandikia, ndoo za chokaa, na mwanafunzi mmoja wa chuo wa kuzisoma namba kwa mwaka mzima: hilo ni ombi dogo kuliko barabara, na linaweza kuandikwa kwenye karatasi moja.

Akanyamaza, akatazama upande wa kilimani ambako mabati yalikuwa yanaanza kubadilika rangi na jua la magharibi.

"Na paa la kwanza," akauliza, "litakuwa la nani?"

Kijana anayesomesha madrasa akasema darasa lake lina vyumba viwili vinavyofanana, na watoto hutoka saa sita wakiwa wamelowa jasho. Yule aliyedai ni mkopo akauliza chokaa ndoo moja ni bei gani siku hizi.